Kona ya Kaptagat: Kurekebisha Gari la Fowili katika Mchezo wa Video

Barabara itokayo Eldoret kuelekea Kaptagat huingia msituni, na njia nyingi za kando yake ni za udongo. Alfajiri hukanyagwa na wanariadha. Mvua ikinyesha hugeuka utelezi ambao hata dereva mkongwe huuheshimu. Vijana waliozizoea njia hizo huketi jioni mbele ya PlayStation na kutoa lalamiko moja: gari la fowili, yaani lile ambalo injini yake huendesha magurudumu yote manne, “linakataa kona”. Makala haya yanafafanua chanzo cha lalamiko hilo na namna ya kulitatua. Istilahi zinazotumika ni za mafundi wa jua kali, kwa kuwa hakuna haja ya kubuni jina jipya la difu ilhali kila gereji inalo tayari.

Fowili si ngeni katika mashindano ya Kenya. Safari Rally ilianza mwaka wa 1953, lakini ilikuwa 1987 ambapo Hannu Mikkola aliishinda kwa Audi 200 Quattro iliyoendeshwa na magurudumu yote. Ian Duncan alifuata njia hiyo mwaka wa 1994 kwa Toyota Celica, naye Colin McRae mwaka wa 1997 kwa Subaru Impreza. Mchezo wa Colin McRae Rally 2.0, uliotolewa mwaka wa 2000, uliziweka barabara za Kenya kwenye skrini. Baada ya 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia, ikarejea Naivasha mwaka wa 2021. Ajabu ni kwamba mchezo wa WRC 9 ulikuwa na Safari hiyo tangu 2020, mwaka ambao mashindano yenyewe yalifutwa kwa sababu ya korona. Kivuli kilitangulia mwili.

Turudi kwenye kona. Kila tairi lina kiasi fulani tu cha mshiko, na mshiko huo hugawanywa kati ya kulivuta gari na kulielekeza. Katika gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma pekee, matairi ya mbele hayana kazi ya kuvuta. Katika fowili yanavuta na kuelekeza kwa wakati mmoja. Mchezaji akikanyaga mafuta mapema mno, mshiko wa mbele huishia katika kuvuta, na unaobaki hautoshi kupinda. Pua ya gari huenda nje ya kona kama punda aliyeona mahindi upande wa pili wa njia. Kuzidisha usukani hapo hakufai kitu. Tairi lililokwisha kuteleza haliongezewi mshiko kwa kupindwa zaidi.

Dawa ya kwanza ni difu, wala si nguvu za injini ambazo wengi hukimbilia. Katika kona, gurudumu la nje husafiri masafa marefu kuliko la ndani, na kazi ya difu ni kuyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti. Difu ikikazwa sana, magurudumu yote mawili hulazimishwa kwenda sawa, na gari hutamani kunyooka. Kwa hiyo difu ya mbele ilegezwe kwanza. Ya nyuma ibaki imekazwa kiasi ili nguvu zisaidie kuusukuma mkia. Michezo kama Gran Turismo na Forza huruhusu pia kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Asilimia 60 hadi 70 nyuma ni mwanzo mzuri. Ukizidisha sana, faida ya fowili inapotea. Magari ya Rally1, yaliyoanza kushindana 2022, hayana difu ya katikati, hivyo anayeyaiga hana budi kutegemea difu mbili zilizosalia.

Inafuata stabilaiza, kile chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisiinamie upande. Ya mbele hulegezwa, ya nyuma hukazwa kidogo, na mkia hupata wepesi wa kugeuka. Hapa ndipo wengi hukosea: huchukua marekebisho ya lami wakayapeleka kwenye changarawe. Stabilaiza ikiwa ngumu mno, gurudumu moja likirushwa na jiwe humvuta mwenzake, na gari hurukaruka badala ya kushika njia. Kwenye udongo, springi ziwe laini, shokamzoba zipewe nafasi ya kucheza, na gari liinuliwe.

Breki zaweza kusogezwa nyuma kidogo. Hata hivyo, mazoea hushinda kipimo chochote: breki ikanyagwe gari likiwa limenyooka, kisha iachiliwe polepole wakati wa kuingia konani, ili uzito uendelee kuyakandamiza matairi ya mbele. Mabadiliko yafanywe moja baada ya jingine, kwenye barabara ile ile, na muda uandikwe. Abadilishaye vitu vitano kwa pamoja hatajua ni kipi kilichomsaidia.

Kuna jambo ambalo skrini haionyeshi. Nyuma ya kona ya Kaptagat alfajiri huenda pana wakimbiaji ishirini, na Subaru ya mzazi haina kitufe cha kurudia. Mkia mwepesi unaookoa nusu sekunde mchezoni ndio huo huo unaoweza kuwafagia watu kandokando ya njia. Marekebisho haya ni ya skrini tu.

Na hata kwenye skrini, mvua ikianza, mgawanyo wa nguvu urudishwe karibu na nusu kwa nusu, difu ya nyuma ilegezwe kidogo, na mafuta yasikanyagwe kwa nguvu hadi pua ielekee kule gari linakokwenda.