Kampasi ya Mkinga na Deni la Baada ya Ujenzi: Kwa Nini Chuo Kikuu Kinahitaji Timu ya Wachangiaji

Na Mwandishi Wetu, Tanga

Ujenzi wa Kampasi ya Tanga ya Chuo Kikuu Mzumbe katika Kata ya Gombero, wilayani Mkinga, ni sehemu ya Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), ambao Serikali inautekeleza kwa mkopo wa masharti nafuu wa Dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Kwa wakazi wa Tanga, ambao vijana wao wengi wamezoea kusafiri hadi Morogoro, Dodoma au Dar es Salaam kutafuta shahada, hatua hiyo ina maana kubwa.

Hata hivyo, fedha za mradi hujenga na kununua vifaa, kisha mradi hufikia ukomo. Mwanafunzi aliyefiwa na mlezi akiwa mwaka wa pili, kemikali za maabara zinazokwisha kila muhula na utafiti wa mwalimu kijana usio na mfadhili ni mahitaji yasiyokuwa na tarehe ya mwisho. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, pamoja na Samia Scholarship iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanafunzi waliofanya vizuri katika sayansi, zimepunguza mzigo huo, lakini hazikukusudiwa kuziba kila pengo. Ndiyo maana vyuo vikuu duniani huwa na timu maalumu ya kutafuta na kulea wachangiaji. Makala haya yanaeleza timu hiyo hufanya nini, kiongozi wake anawajibika kwa lipi na mwananchi anayeombwa kuchangia ana haki gani.

Desturi ya kutoa si ngeni Pwani

Katika miji ya Pwani, watu wameweka wakfu nyumba, visima na mashamba ya minazi kwa ajili ya misikiti na madrasa kwa vizazi vingi. Mjini Tanga, familia ya Karimjee, iliyokuwa na biashara kubwa ya mkonge, ilichangia shule iliyobeba jina lake, ambayo leo ni Shule ya Sekondari Usagara. Huko Lushoto, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT ilianzisha mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kilichojulikana kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu.

Mfano ulio wazi zaidi uko ng'ambo ya mpaka, Mombasa. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Sultani wa Zanzibar Khalifa bin Harub, Aga Khan, jumuiya ya Mabohora na serikali ya kikoloni walichangia kuanzisha Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyofungua milango mwaka 1951 na kupokea vijana kutoka sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Mwaka 1966 ikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, baadaye Politekniki, na mwaka 2013 ikapata hadhi ya kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wachangiaji wa awali hawakuishi kuyaona hayo yote. Historia hiyo inaonesha kwamba mchango wa elimu huishi kuliko aliyeutoa. Inaonesha pia kwamba masharti ya mchango yanapaswa kuandikwa kwa namna itakayoruhusu taasisi kubadilika pale nyakati zinapobadilika.

Tanzania nayo ina kumbukumbu yake. Chuo Kikuu kilichozaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba, 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani.

Kazi ya kiongozi wa timu

Watu wengi hudhani kazi ya timu hii ni kuandaa harambee na kupokea hundi mbele ya kamera. Shughuli hizo ni sehemu ndogo tu. Kazi kubwa hufanyika ofisini na katika mazungumzo ya muda mrefu, na kwa kawaida hugawanywa katika maeneo manne: wahitimu; kampuni na taasisi; maandiko ya miradi kwa wafadhili wa utafiti; na kumbukumbu pamoja na hesabu.

Jukumu la kwanza la kiongozi ni kukaa na menejimenti ya chuo na kuafikiana kuhusu mahitaji. Ombi la "kusaidia elimu" halimpi mchangiaji picha yoyote. Ombi la kugharamia malazi ya wasichana kumi kutoka vijiji vya Mkinga na Pangani kwa miaka mitatu, likiwa na mchanganuo wa gharama, linapimika na linaweza kukaguliwa.

Jukumu la pili ni kuwajua wachangiaji. Mkoa wa Tanga una bandari, viwanda vya saruji, mashamba ya mkonge na Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Kila mmoja ana sababu yake ya kuhitaji wahitimu wenye ujuzi, na kiongozi makini huanza kwa kusikiliza sababu hiyo kabla ya kutaja fedha. Wahitimu nao wasisahauliwe: anayetoa shilingi elfu kumi kila mwezi kwa miaka ishirini ni nguzo ya kweli ya chuo.

Jukumu la tatu, ambalo wengi hulipuuza, ni kurejesha taarifa. Mchangiaji aliyeshukuriwa siku ya hafla na kisha asisikie lolote kwa mwaka mzima ni vigumu kutoa tena. Taarifa ya mwaka inapaswa kueleza kiasi kilichopokelewa, kilichotumika, kilichobaki na kile ambacho hakikufanikiwa.

Mfuko wa wakfu

Njia ya kudumu zaidi ni mfuko wa wakfu. Mwenye shamba la minazi hula nazi, haukati mnazi. Vivyo hivyo, fedha ya wakfu huwekezwa, kwa mfano katika hati fungani za Serikali, na yanayotumika ni mapato yake pekee. Tuseme mfuko una shilingi milioni 100 na unapata asilimia 8 kwa mwaka: chuo kitapata shilingi milioni 8. Busara ni kutumia sehemu na kurudisha nyingine kwenye mtaji, ili mfumuko wa bei usiule mfuko taratibu.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mfuko wa Elimu Na. 8 ya mwaka 2001 iliunda mfuko unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA), ambao hupokea michango na kumpa mchangiaji hati ya kumtambua. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mfanyabiashara kupunguza katika mapato yake michango kwa taasisi za hisani zilizotambuliwa, kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara. Michango kwa Mfuko wa Elimu haifungwi na kikomo hicho. Kampuni zinashauriwa kuthibitisha utaratibu wa sasa katika ofisi za TRA.

Aidha, orodha ya wahitimu na wachangiaji inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kiongozi wa timu hana ruhusa ya kuigawa kiholela. Anapaswa pia kujiridhisha kuhusu chanzo cha fedha na kukataa mchango unaoambatana na sharti la kupendelea mwanafunzi katika udahili au katika mtihani.

Mwananchi aulize nini

Kabla ya kuchangia, mwananchi anashauriwa kuuliza mambo manne: fedha ni za kazi gani, zinaingia akaunti ipi, nani anazikagua, na taarifa itatolewa lini. Taasisi za umma hupokea malipo kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na hesabu zake hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Anayeombwa kutuma mchango wa chuo kwenye namba ya simu ya mtu binafsi asitume, bali awasiliane kwanza na uongozi wa chuo husika.