Haki ya Aliyeumia Kazini

Katika mambo yanayozivunja nyumba zetu kimya kimya ni ajali za kazini. Mume hutoka alfajiri akiwa mzima, akarudishwa jioni mashine imemkata vidole. Majirani huja kumpa pole, tajiri huleta mchele na noti chache za dawa, kisha husemwa, "Ni kadari ya Mungu," na jambo likaishia hapo.

Kadari ni kweli, nasi twaiamini. Lakini kuamini kadari si kuacha haki. Mtume wetu (S.A.W.) alimfunza mtu amfunge kwanza ngamia wake, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Wala fidia si sadaka, hata mtu aone haya kuidai.

Yafaa basi kila nyumba ijue sheria yasemaje. Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015. Michango yake hutolewa na waajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Aliyeumia kwa sababu ya kazi yake, au akapata maradhi yaliyotokana nayo, hutibiwa kwa gharama za Mfuko. Akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu, kiasi chake hupimwa: usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipiwa pensheni ya kila mwezi. Akifa, mazishi hugharimiwa, na mjane na watoto hupewa pensheni.

Lakini haki hii hupotea kwa kunyamaza. Aliyeumia na amwarifu mwajiri wake mara moja, hata jeraha likiwa dogo. Naye mwajiri yampasa kuuarifu Mfuko ndani ya siku 7. Dai nalo lapasa kupelekwa ndani ya miezi 12. Kwa hiyo andikeni siku na saa ya ajali na majina ya walioshuhudia; hifadhini vyeti vya hospitali, mkataba wa kazi na hati za mshahara. Katika Sura ya Al-Baqara tumeamrishwa kuandika madeni na kuweka mashahidi. Na hili nalo ni deni.

Mjane aliye katika eda hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na miezi 12 haimngoji. Basi ndugu wa marehemu na wamfuatilie jambo lake, na vijana waliosoma wamsaidie kujaza fomu, pasina kumega kitu katika mali ya mayatima.

Nanyi waajiri Waislamu, mcheni Mungu. Anayemficha kibarua wake asiandikwe, ili asimlipie mchango, kisha akamnyamazisha kwa noti chache siku ya kuumia, huyo amekula haki ya yatima kabla mtoto hajawa yatima. Na mfanyakazi aliyeanguka mnazini kwake akadai kwamba aliumia kazini, naye amejilisha haramu yeye na wanawe.

Haki na idaiwe kwa ukweli, na itolewe kwa ukweli. Wabillahi taufiki.