Mikorosho ya Naliendele na Nasaba Yake

Ukitoka Mtwara mjini kwa barabara ya Newala, hauendi mbali kabla ya kufika Naliendele. Mpita njia huona mikorosho tu, na kwa mtu wa kusini mkorosho si kioja. Ila hii ina nasaba iliyoandikwa.

Utafiti wa kilimo huku ulianzia Nachingwea, enzi za mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Mradi ulikufa baada ya miaka michache, hata reli yake ya kwenda bandari ya Mtwara ikang'olewa. Watafiti walibaki, na miaka ya 1970 makao yao yakahamia Naliendele. Karanga nazo hazikuachwa: mbegu zilizotolewa 2009 zinaitwa Mnanje, Mangaka, Masasi, majina ya kwetu kabisa.

Lakini kilichokipa kituo cha Naliendele sifa ni korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. 1986/87 hazikufika 17,000. Vijiji vya ujamaa viliwahamisha wakulima mbali na miti yao, mashamba yakawa vichaka, na bei haikumpa mtu hamu ya kupalilia. Juu ya hayo ukaja ubwiriunga, kuvu inayolifunika ua kwa unga mweupe msimu wa baridi, likanyauka kabla halijatunga. Salfa husaidia, ila lazima ipulizwe kila mwaka, na si ya bure.

Hapo ndipo kituo kilipoonyesha kazi yake. Wadudu huchavusha mkorosho kutoka mti hadi mti, hivyo korosho uliyookota chini ya mti wako bora haikuahidi chochote. Watafiti, akiwemo Dkt. Peter Masawe, walichagua miti inayozaa vizuri na kuustahimili ugonjwa, wakakata vikonyo, wakavibebesha kwenye miche. Mti unaotoka hapo ni ule ule wa mwanzo. Kuna pia mashamba ya mbegu, ambamo kloni kadhaa teule hupandwa zikichanganywa, ili nyuki akihama ua awe bado ndani ya ukoo unaojulikana.

Hata mikorosho ya babu inafaa: hukatwa shina, machipukizi yakabebeshwa vikonyo vipya. Kazi ngumu ni kumshawishi mzee wa kijiji kama Kitaya akate mti ambao bado unampa gunia.