Kutu isikule jembe lako: namna ya kuizuia na kuiondoa



Mu Masisi mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka, na ukungu wa asubuhi unalowesha hata chombo kilicho ndani ya nyumba. Ukishuka Walikale, joto na unyevu wa pori vinafanya kazi ile ile. Jembe linalotumika msimu A, kuanzia mwezi wa 9, likiachwa na matope linaweza kuwa jekundu lote kabla ya msimu B, mwezi wa 2.

Jembe la kutu linanata udongo, linakuwa zito, na mtu anachoka mapema. Kununua lingine si rahisi: barabara ya Sake ikiharibika ao ikifungwa, bidhaa zinapungua na bei inapanda. Jembe linalodumu ni pesa inayobaki kwa mbegu ao kwa minervali ya watoto.

Kutu inatoka wapi?

Chuma kikikutana na maji na hewa, kinaanza kuliwa. Udongo uliokauka juu ya jembe unaendelea kushika maji. Jasho, mkojo wa ngombe na utomvu wa migomba vinaharakisha kutu. Ndiyo sababu panga lililokata migomba linabadilika rangi haraka.

Kila jioni, mambo matatu

1. Kwangua udongo kwa kipande cha mti, kisha osha.
2. Kausha kwa kitambaa. Usiache maji yakauke yenyewe.
3. Paka mafuta kidogo sana. Mafuta ya mawese yanafaa. Yakizidi yananata vumbi.

Tundika chombo juu, mbali na ukuta wa udongo. Kisilale chini.

Mu depo ya koperative, jazeni ndoo mchanga mkavu uliochanganywa na mafuta kidogo. Kila mutu anaporudisha jembe safi na kavu, analichoma mara kadhaa mu ule mchanga: unasugua na kupaka mafuta kwa wakati mmoja.

Kama kutu imeshaingia

Kutu nyepesi: sugua kwa majivu yaliyoloweshwa kidogo, ao kwa msasa, mpaka chuma kionekane.

Kutu nzito: ondoa mpini, funika chuma kwa maji ya ndimu ao kasiksi iliyochacha sana, na ukiache usiku mmoja. Asubuhi sugua kwa brosi ya nyuzi za chuma. Halafu osha kwa maji ya majivu, maana asidi ikibaki italeta kutu mpya siku ile ile. Kausha, noa kwa tupa, paka mafuta.

Kisha angalia shingo ya jembe, pale mpini unapoingia. Kama chuma kimekuwa chembamba ao kina ufa, peleka kwa muhunzi. Jembe likivunjika mu kazi linaweza kuumiza jirani.

Maswali ya mashambani

*«Naweza kuchoma jembe mu moto ili kutu itoke?»*
Hapana. Chuma kikigeuka rangi ya bluu ao nyekundu kimepoteza ugumu wake, na makali hayatadumu. Kukausha karibu na makaa inatosha.

*«Mupini ukilegea, siye tunatia jembe mu maji. Iko vibaya?»*
Mti unavimba siku moja, kisha unalegea tena, na maji yanabaki ndani ya tundu kunakula chuma. Afazali kupiga kabari ya mti mukavu.

*«Na mafuta ya vidanje?»*
Yanazuia kutu, lakini yanachafua udongo na si ya kushika kila siku. Usiyapake kamwe kwenye kisu cha nyama ao cha mboga.

*«Kutu ndiyo inaleta tetanosi?»*
Kijidudu cha tetanosi kinaishi mu udongo na mavi ya nyama wa kufugwa. Jembe safi pia linaweza kukiingiza. Ukijikata, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, nenda kituo cha afya siku ile ile, uulize chanjo.

Kwa wanaorudi kijijini

Wengi waliokimbia vita waliacha vyombo vyao mu shamba ao walivifukia. Jembe lililokaa miezi mingi chini linaweza kuokoka kwa njia tulizoeleza. Lakini angalisho kubwa: si kila chuma chenye kutu ni jembe. Grenedi na bombe zinashika kutu pia, na kutu haiondoi nguvu yake ya kulipuka. Kama hukijui chuma, usikiguse, usikigonge, usikirushe mu moto, usikisugue. Rudi kwa njia uliyopitia, weka alama mbali nacho, kataza watoto, na mujulishe chifu ili waitwe wenye kazi ya kuondoa mabomu.

Kazi ya kamati

Kabla ya msimu kuanza, pangeni salongo ya siku moja: kila mwanachama alete vyombo vyake, na koperative itoe tupa, brosi na ndoo ya mchanga. Mwenye depo aandike mu kitabu majembe ya pamoja: mangapi ni mazima, mangapi yanaenda kwa muhunzi. Hapo mutajua kweli munahitaji kununua mangapi.