Kumbukumbu, Hifadhi na Akiba: Istilahi za Kupanua Seva ya Muziki Nyumbani

Katika kazi ya kusanifu istilahi tumezoea kupokea maswali ya wafasiri na walimu. Swali lililotufanya tuandike makala haya lilitoka kwa mwalimu wa kwaya wa Kasesya, mpakani mwa Tanzania na Zambia, katika njia itokayo Sumbawanga kupitia Matai. Mwalimu huyo ana kompyuta ambayo ameifanya seva ya muziki: nyimbo zote zimewekwa humo, na kila mwenye simu pale nyumbani huweza kuzisikiliza bila kuzinakili. Mna kwaya za parokia za Ufipa, muziki wa dansi wa zamani, na nyimbo za harusi za Kifipa na Kimambwe alizozirekodi mwenyewe kutoka kwa wazee. Baadhi ya wazee hao wamekwisha kufariki.

Nyimbo zilipofikia 20,000 mashine ilijaa. Maelezo ya Kiswahili aliyoyasoma yalimwagiza aongeze kumbukumbu. Akaagiza kumbukumbu, ikaletwa kwa basi, akaifunga; mashine ikabaki imejaa vile vile. Kipande kilikuwa kizima na muuzaji hakumdanganya. Kosa lilikuwa la istilahi.

Kompyuta ina mahali pa kufanyia kazi na mahali pa kuwekea vitu. Pa kwanza ni mfano wa meza ya karani: jalada linalosomwa sasa huwekwa hapo, na umeme ukikatika meza hubaki tupu. Pa pili ni mfano wa kabati la majalada, ambalo hubaki na vilivyomo hata taa zikizimwa. Katika maelezo mengi yaliyofasiriwa, pote pawili huitwa kumbukumbu.

Sasa na tutazame jinsi neno hilo linavyotumika kwetu. Mtumishi wa serikali huandika "Kumb. Na." juu ya barua ili barua ipatikane baada ya miaka. Katibu huandika kumbukumbu za mkutano kwa sababu wajumbe watasahau. Hata kadi ya kumbukumbu ya simu hutunza picha na nyimbo simu ikiwa imezimwa. Popote pale kumbukumbu ni kitu kinachobaki. Nasi wasanifu tukaipachika kwenye sehemu pekee ya mashine isahauyo kila kitu umeme unapokatika! Mwalimu wa Kasesya alilielewa neno kama Kiswahili kinavyolielewa. Waliolitumia vibaya ni wafasiri.

Twapendekeza basi kwamba mahali pa kufanyia kazi paitwe "kumbukumbu ya muda", ambayo mafundi huiita ramu, na kivumishi hicho kisiachwe hata kama sentensi itarefuka. Mahali pa kuwekea paitwe "hifadhi". Neno hili halihitaji kufundishwa katika mkoa wa Rukwa, ambako wakulima wamezoea kuuza mahindi kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Kifaa chenyewe twakiita "diski kuu". "Diski ngumu" ni tafsiri ya neno kwa neno, nayo humwacha msomaji akijiuliza iliyo laini iko wapi.

Hesabu itaonyesha kwa nini tofauti hii ina uzito. Sauti ya kiwango cha diski santuri hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16, katika njia mbili. Hizo ni biti 1,411,200 kwa sekunde, au karibu megabaiti 10.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 huchukua megabaiti 42 hivi, na nyimbo 20,000 za urefu huo hukaribia gigabaiti 850. Zikifinywa kwa namna isiyopoteza chochote hubaki kama gigabaiti 500. Zikifinywa kwa namna inayopoteza, kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, huwa gigabaiti 77 tu, lakini kilichotupwa hakirudi. Kwa hiyo mfasiri asiridhike na kuandika "kufinywa" peke yake. Aseme "mfinyo usiopoteza" au "mfinyo unaopoteza".

Kucheza wimbo hakuichoshi mashine, hata ya zamani. Prosesa mpya haikuhitajika, na kumbukumbu ya muda ingesaidia tu katika kutafuta upesi ndani ya faharasa ndefu ya nyimbo. Kilichohitajika ni diski kuu ya terabaiti 2. Ndiyo maana hatupendi kitenzi "kuboresha" katika maelezo ya namna hii: chasema kitu kitakuwa kizuri zaidi, hakisemi ni kitu gani. "Kupanua hifadhi" humwambia mtu anunue nini.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Fundi mmoja alimshauri mwalimu afunge diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja, ili moja ikifa nyingine iendelee. Ushauri ni mzuri, na jina la "diski pacha" twalikubali. Lakini maelezo aliyopewa yaliuita mpango huo "nakala rudufu", naye akadhani nyimbo zake ziko salama. Haziko. Wimbo ukifutwa kwa bahati mbaya, hufutwa katika pacha wote wawili. Radi ikipiga, huwakuta wote katika nyumba moja. Wakongwe wa ofisi wanaijua mashine ya kurudufu: ilitoa karatasi mia zinazofanana, na zote zingeweza kuungua katika chumba kimoja. Kurudufu ni kufananisha, si kulinda.

Kwa dhana ya nakala inayotengwa mahali pengine, isiyoguswa na kosa la leo, twapendekeza "nakala ya akiba". Akiba haichanganywi na ya kula. Kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam zilileta shida ya jamii hiyo hiyo katika kiwango cha taifa, na huko ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa kila kunakili kanda kwa kanda hupunguza ubora wa sauti. Nakala ya kidijiti haipungui hata ikinakiliwa mara mia, na gharama yake ni diski ya pili na safari ya kuipeleka.

Mwalimu amekwisha kuinunua diski hiyo. Ameiweka kwa dada yake Matai, na kila baada ya miezi mitatu huifuata, huiongezea nyimbo mpya na kuirudisha. Katika barua yake ya pili kwetu ameiita "ile ya akiba", kabla hatujamwandikia pendekezo letu.