Fahamu: Kusomea tiba kwa vitendo Marekani, na mkopo uliobanwa

Mgonjwa wa kiharusi anajifunza upya kuvaa shati: mkono uliopooza unaingia kwanza, mzima unafuata, ndipo vifungo, kuanzia cha chini. Anayemwelekeza ni mtoa tiba kwa vitendo, ambaye siku hizi Marekani haingii kwenye fani bila shahada ya uzamili au ya uzamivu.

Uzamili huchukua takriban miaka miwili hadi mitatu. Baada ya anatomia na mfumo wa fahamu, kuna angalau wiki 24 za mafunzo kazini, kwa kawaida bila malipo, kisha mtihani wa taifa wa NBCOT.

Kinachozua mjadala sasa ni fedha. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inafuta mikopo ya Grad PLUS, ile ya serikali kwa wanafunzi wa shahada za juu, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026. Chini ya sheria hiyo, anayesomea udaktari wa binadamu anaruhusiwa kukopa serikalini hadi dola 50,000 kwa mwaka; uzamili wa kawaida, 20,500. Mapendekezo ya Wizara ya Elimu yaliiweka tiba kwa vitendo kwenye kundi hili la chini. Huo ni uonevu. Mwanafunzi anayeshinda wodini wiki 24 bila mshahara bado anadaiwa kodi ya nyumba, na asiye na mzazi wa kumsaidia atalazimika kukopa benki binafsi, kwa masharti magumu zaidi.