Kifaransa kiliingia darasani, Kiingereza hakikufukuzwa

Mzazi anayempeleka mwanawe shule ya Kiingereza tangu chekechea huwa na hoja yake: mtoto mdogo hudaka lugha upesi, basi aanze mapema. Hoja hiyo ina ukweli, na ushahidi wake mkubwa ulitoka katika shule ya umma nchini Kanada katika miaka ya 1960. Tatizo ni kwamba habari hiyo hutufikia nusu, na nusu inayoachwa njiani ndiyo inayotuhusu zaidi.

St. Lambert ni mji mdogo ng'ambo ya Mto St. Lawrence, unaotazamana na Montréal, katika jimbo la Québec. Wakazi wengi wa jimbo hilo husema Kifaransa, lakini kwa miaka mingi biashara kubwa za Montréal na vyeo vya juu vilishikwa na wasemaji wa Kiingereza. Miaka ya 1960 ilipoanza, mambo yakageuka. Katika vuguvugu lililoitwa Mapinduzi ya Kimya, wasemaji wa Kifaransa walidai nafasi yao serikalini na katika uchumi, na wakataka lugha yao iheshimiwe. Hata shule zilikuwa zimegawanyika kwa dini: za Kikatoliki, nyingi zikifundisha kwa Kifaransa, na za Kiprotestanti, zikifundisha kwa Kiingereza. Watoto wa mtaa mmoja waliweza kukua bila kuketi dawati moja.

Watoto wa Kiingereza walifundishwa Kifaransa kama somo mwaka baada ya mwaka, wakafaulu mitihani, kisha wakashindwa kuzungumza na jirani. Wazazi wa St. Lambert wakachoka. Mwaka 1963 wakaanza kukutana, na mama watatu, Olga Melikoff, Murielle Parkes na Valerie Neale, wakawa mstari wa mbele. Walitaka darasa ambalo mtoto atafundishwa kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza. Wakatafuta ushauri wa mabingwa wa Chuo Kikuu cha McGill: Wilder Penfield, daktari wa ubongo, na mwanasaikolojia Wallace Lambert, ambaye jina lake limefanana tu na la mji huo. Mwaka 1962 Lambert na mwenzake Elizabeth Peal walikuwa wamechapisha utafiti uliowashangaza wengi. Watoto wa Montréal wa miaka 10 waliojua lugha mbili vizuri waliwapita wenzao wa lugha moja katika vipimo vya akili, wakati ambapo walimu wengi waliamini kuwa lugha mbili humvuruga mtoto.

Bodi ya shule ilisitasita, lakini mwishowe ikakubali darasa moja la majaribio. Nafasi 26 zilijaa dakika chache baada ya uandikishaji kufunguliwa, na Septemba 1965 watoto wakaingia darasani.

Mwalimu alisema Kifaransa tu, akikisindikiza kwa mikono, picha na nyimbo. Watoto wa chekechea hawakukatazwa kusema Kiingereza. Mtoto aliyeomba ruhusa kwa Kiingereza alieleweka na kujibiwa kwa Kifaransa, bila kuchekwa wala kuadhibiwa. Kusoma na kuandika walianza kwa Kifaransa. Kiingereza kikaingia kama somo darasa la pili, na saa zake zikaongezwa hatua kwa hatua hadi kikachukua karibu nusu ya masomo mwishoni mwa shule ya msingi.

Lambert na mwenzake Richard Tucker waliwapima watoto hao mwaka hadi mwaka, wakachapisha kitabu mwaka 1972. Mwanzoni watoto walibaki nyuma katika kusoma Kiingereza, lakini walipoanza kufundishwa lugha hiyo wakawafikia wenzao. Hesabu walizofundishwa kwa Kifaransa waliweza kuzifanya kwa Kiingereza. Kifaransa walikielewa vizuri sana, ingawa kukisema na kukiandika hawakuwafikia wazawa. Makosa ya jinsia za maneno, sawa na ya mtu anayesema "kiti yangu", yaliwaandama wanafunzi wa programu za aina hiyo kwa miaka.

Mfano huo ulienea Kanada nzima, na leo wanafunzi zaidi ya 400,000 wako katika programu hizo. Zina dosari zake: walimu hawatoshi, nafasi hugombaniwa, na mtoto anayehitaji msaada wa ziada mara nyingi huondoka kwa kukosa wa kumsaidia.

Kwa nini basi St. Lambert ilifaulu? Umri mdogo peke yake hautoshi kueleza. Mwalimu alikijua Kifaransa kama lugha yake, na aliielewa lugha ya watoto. Wazazi walichagua wenyewe na walifuatilia. Zaidi ya yote, Kiingereza kilikuwa na heshima nyumbani, mtaani na kazini, na shule yenyewe ilikifundisha. Lambert mwenyewe baadaye alitofautisha lugha mpya inayoongezwa juu ya ile ya nyumbani na lugha mpya inayoipokonya ya nyumbani nafasi yake. Ya kwanza hujenga, ya pili hubomoa.

Tujipime kwa kipimo hicho. Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya umma husoma kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza karibu masomo yote hugeuka Kiingereza, mara nyingi mbele ya mwalimu ambaye naye lugha hiyo inampa shida. Na zipo shule Afrika Mashariki ambako mtoto huvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili au lugha ya kwao. Hayo hayakufanyika St. Lambert.

Mzazi, kabla hujalipa ada, uliza mambo matatu. Mwalimu anakijua Kiingereza barabara? Kiswahili kinafundishwa kwa uzito uleule? Na mtoto akisema Kiswahili darasani, anafanywa nini? Shule inayomwadhibu mtoto kwa lugha ya mama yake isituambie kwamba inafuata mfano wa Kanada.